Mshelisheli Nyuma ya Bafu

Mama yangu aliung'oa mche ule kwa mikono yake, kwenye mzizi wa mshelisheli mkubwa uliokuwa nyuma ya jiko la nyumbani kwetu Tanga. Mshelisheli wa kwetu hauna mbegu ya kupanda. Mzizi ukijeruhiwa hutoa chipukizi, nalo hukatwa pamoja na kipande cha mzizi wake likahamishiwa mahali pengine. Mama alilitia katika kopo la maziwa ya unga, akalizungushia gunia bichi, akanionyesha namna ya kulipakata ili lisitikisike.

"Nasikia huko mnakula yanga," alisema. "Panda hiki. Tunda moja linashibisha watu wanne."

Huko ni Musoma, nilikoolewa na fundi cherehani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na yanga ulikuwa unga wa mahindi ya njano tuliokuwa tukiupanga foleni kwenye duka la ushirika, siku nyingine tukaupata, siku nyingine tukarudi na vikapu vitupu. Nilisafiri na lile kopo mapajani, basi hadi Dar es Salaam, treni hadi Mwanza, basi tena kupitia Bunda. Kwenye treni niliunywesha mche maji yangu ya kunywa. Majani mawili yalianguka tulipopita Tabora, nikayafunga kwenye ncha ya kanga kana kwamba ningeweza kuyarudisha.

Tuliishi mtaa wa juu kidogo ya Mwigobero, mahali ambapo upepo wa ziwa ulitujia na harufu ya dagaa walioanikwa. Uwanja wetu ulikuwa mdogo: jiko, bafu la mabati, na nyuma ya bafu kipande cha ardhi kilichojaa mawe. Mume wangu alipouona mche alicheka mpaka akaegemea mlango.

"Umetoka Tanga na mti? Hapa hata mchicha unaomba ruhusa kuota."

"Nichimbie shimo," nilimwambia. "Refu, kwa sababu ya mawe."

"Nitachimba nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana. Wiki mbili mche ulikaa kwenye kopo lake chini ya kivuli cha ukuta. Kisha wifi yangu akajifungua huko Bunda, nikaenda kumsaidia kwa siku tatu. Niliporudi nilikuta shimo limechimbwa nyuma ya bafu, limeshajazwa samadi ya ng'ombe na majani yaliyooza, limebakizwa kina cha mkono tu kwa ajili ya mche. Mume wangu alikuwa na malengelenge viganjani.

"Futi nne," alisema. "Nimevunja mawe kwa sururu. Haya, panda mti wako."

Nilifurahi sana. Mwanamume aliyenicheka alikuwa amenitolea jasho siku tatu. Nilipanda jioni ileile, nikauzungushia matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi, nikautengenezea kivuli cha gunia. Mche mzima ulikuwa hauzidi goti. Bomba letu lilikuwa likitoa maji siku moja kwa wiki, kwa hiyo kila siku jua likipoa nilishuka ziwani na ndoo. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya mshelisheli, ya pili ya nyumba.

Mwezi haukuisha kabla ya msako kuanza.

Waliokuwepo wanakumbuka neno lenyewe: wahujumu uchumi. Redio ililitaja kila jioni. Mtu akikutwa na bidhaa asizoweza kuzieleza alichukuliwa, na hakuna aliyejua angerudi lini. Mwenye duka wa pembeni yetu, aliyekuwa akituuzia chumvi, alichukuliwa Jumatatu. Asubuhi moja tulioshuka Mwigobero kuchota maji tulikuta mtu amemwaga katoni za sabuni ziwani. Povu jeupe lilikuwa likipigapiga kwenye mawe. Sisi wanawake tuliokuwa pale tulikuwa tunafulia majani ya mpapai kwa wiki tatu. Tuliitazama ile sabuni ikilegea majini, na hakuna aliyeinama kuokota hata kipande. Kila mmoja alimwogopa aliyesimama karibu naye.

Siku hiyo nikiwa napanda mlima na ndoo kichwani, nilikumbuka kaki.

Mume wangu alikuwa akishona sare za shule. Kitambaa hakikuwa kikipatikana madukani, kwa hiyo yeye, kama mafundi wengine, alikuwa akikitafuta Sirari, mpakani. Kabla sijaenda Bunda nilikuwa nimeyaona majora ya kaki kitandani kwetu, mapya, yamefungwa kwa nailoni. Niliporudi hayakuwepo. Sikuuliza. Kitambaa kilikuwa kinakuja na kuondoka, hiyo ndiyo kazi. Lakini sasa hesabu ya siku ilinijia yenyewe: siku nilizokuwa Bunda, majora yaliyopotea, shimo la futi nne la mwanamume asiyependa miti.

Nilimuuliza usiku tukiwa tunakula. "Chini ya mti wangu kuna nini?"

"Samadi."

"Na chini ya samadi?"

Aliweka tonge lake sahanini. "Mke wangu, kuna maswali ambayo ukiyauliza, na watu wengine wakija kuyauliza, utakuwa na jibu. Bora usiwe nalo."

Sikuuliza tena. Lakini kuanzia hapo nilimwagilia mti ule nikiwa na hofu. Nilijiuliza kama maji yangu yanaozesha kitambaa, kama harufu itatoka, kama nikiacha kumwagilia majirani watashtuka. Wifi alipotimiza arobaini ya mtoto nilikwenda tena Bunda, nikarudi baada ya siku mbili, nikakuta majani ya mshelisheli yamelegea na kuwa manjano ukingoni. Nilidhani ni kiu. Nikaongeza ndoo.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee wa Kijita, mvuvi aliyeacha ziwa kwa sababu ya mgongo. Hatukuwa na ugomvi naye. Asubuhi moja alisimama nje ya miiba yangu, mikono nyuma.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, shemeji. Huu mti unaitwaga nani?"

"Mshelisheli."

"Unazaaga nini?"

"Chakula. Unachemsha kama viazi, au unakaanga. Kwetu Tanga upo kila nyumba."

Alitikisa kichwa polepole. "Mimi nimefikaga mpaka Kisumu na sijaonaga viazi juu ya mti." Kisha akasogea karibu. "Watu wanaongea, shemeji. Wanasema shimo la mti halichimbwagi siku tatu. Wanasema huyu mama anabebaga maji kila siku kumwagilia kijiti, wakati watoto wa watu wanakosa ya kunywa. Mimi nimewaambia sijui. Lakini na wewe ujue kwamba wanaongea."

"Nani anasema?"

"Watu," alisema, akaondoka.

Nilimweleza mume wangu. Aliendelea kukanyaga cherehani, lakini nikaona mshono umekwenda upande, na yeye hakuwa mtu wa kukosea mshono.

Walikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Mgambo wawili wenye virungu, ofisa kijana aliyevaa suti ya mikono mifupi na kushika daftari, na balozi nyuma yao akitazama chini. Mume wangu walikuwa wameshamchukua kibandani kwake. Alisimama kati ya wale mgambo, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Walipekua nyumba. Walifungua mtungi wa unga, wakapindua godoro, wakamwaga vifungo vyake vya mashati sakafuni. Walikuta vipande vya kitambaa visivyotosha hata kaptula.

Ofisa alitoka uani akaelekea nyuma ya bafu moja kwa moja, bila kuonyeshwa njia. Hapo nikajua kwamba kwingine kote walikuwa wanapoteza muda, walichokuja kukitafuta kilikuwa hiki.

"Mti gani huu?"

Nikamwambia.

"Ung'oeni."

Mgambo mmoja alikamata shina. Sijui nilifikaje pale. Nilijikuta nimepiga magoti ndani ya miiba, mikono yangu juu ya mikono yake.

"Baba, ukivuta utakatika mzizi. Mti huu una mzizi mmoja tu wa kuuokoa. Tafadhali."

"Kwa nini hutaki uguswe?" ofisa aliuliza, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko ya mtu mwenye hasira, ikanitisha zaidi.

Nilikuwa na majibu mawili kifuani. Moja lilikuwa la kweli, kwamba mama yangu alikuwa ameuchimba kwa mikono yake na mimi nimeupakata siku tano. La pili lilikuwa kwamba sikujua kuna nini chini na niliogopa kukiona. Nikitetea mti sana, nilikuwa namfunga mume wangu. Nikiuachia, ulikuwa unakufa mbele ya macho yangu.

"Sikatai uchimbwe," nilisema. "Nichimbe mimi mwenyewe. Nitautoa na udongo wake, halafu nyie mchimbe mpaka mchoke."

Ofisa alifikiri. Akatazama viganja vya mikono yangu, akatazama kijiti chenyewe. "Chimba."

Balozi alinisogezea jembe. Nilitupa jembe, nikachimba kwa panga na vidole, nikizunguka mbali na shina. Udongo ulikuwa laini upande wa bafu kuliko upande mwingine. Nililigundua hilo na nikaendelea. Nilipoingiza mikono chini ya bonge la udongo nikalinyanyua, mzizi mmoja ulikatika, ukatoa utomvu mweupe uliotiririka kwenye kiganja changu. Nililiweka bonge kwenye kanga yangu ya pili, nikalifunga, nikasogea nalo ukutani.

Kisha wakachimba wao. Samadi ilitoka, nyeusi, ikinuka. Majani yaliyooza yakatoka. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho mume wangu, naye alikuwa amelikodolea shimo. Sururu ililia kwenye kitu kigumu na mgambo wote wawili wakainama. Lilikuwa jiwe. Wakaendelea. Walikuwa wamefika kiunoni, na jasho lilikuwa likiwatoka, nami nilianza kupumua, ndipo mmoja wao akavuta kitu na kukitoa juu. Ilikuwa nailoni. Kipande kikubwa, kimekunjamana, kimejaa matope, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Ofisa aliishika kwa ncha za vidole. "Hii ya nini?"

Mume wangu aliitazama nailoni, kisha akautazama ukuta wa bafu. Nikaelewa yote kwa wakati mmoja: kaki ilikuwa hapa, na kaki haipo tena.

"Ya maji," nilisema.

Wote waligeuka.

"Mshelisheli unataka maji. Ardhi ya hapa ni mawe, maji yanapotea. Kwetu Tanga tunatandika kitu chini ya shimo ili yakae."

Haikuwa kweli. Tanga hakuna anayetandika chochote, mti unajiotea. Sijawahi kusema uongo mkubwa namna ile mbele ya watu, na nilishangaa jinsi ulivyotoka ukiwa mkavu, hautetemeki. Ofisa alinitazama. Kisha akamgeukia balozi.

"Mzee, ni kweli hivyo?"

Balozi alikuna kidevu. Alikuwa amesimama upande wa bafu, mahali ambapo udongo ulikuwa laini, na nadhani macho yake ya mvuvi yalikuwa yameshaona. "Mimi miti ya pwani siijuagi," alisema. "Huyu mama ndiye anajuaga."

Ofisa aliandika kitu kwenye daftari. Aliitupa nailoni ndani ya shimo. Walimwachia mume wangu, wakaenda nyumba ya tatu kutoka kwetu, na baada ya muda mfupi tukasikia kilio cha mwanamke kutoka huko. Hatukutoka kutazama.

Mume wangu aliingia ndani ya shimo kulifukia. Nikamzuia. "Kwanza sema."

Alisema akiwa amesimama humohumo. Alikuwa ameyazika majora kabla sijarudi kutoka Bunda mara ya kwanza. Msako ulipoanza aliogopa, akangoja niende kwenye arobaini, akachimba kutokea ndani ya bafu, kwa upande, akayavuta moja baada ya jingine kutoka chini ya mizizi ya mti wangu. Ndiyo maana ulikuwa umegeuka manjano.

"Yako wapi?"

"Kwa mama."

Nilikaa chini. Mama yake alikuwa mjane, anaishi peke yake Butiama, katika nyumba ya chumba na ukumbi. Alikuwa ameyapeleka kwake ndani ya magunia ya mtama, akamwambia ni vitambaa vya wateja, ayafiche kwenye ghala la nafaka.

"Umemtoa mke wako hatarini ukamweka mama yako," nilimwambia. Niliurudisha mti shimoni kwa mikono yangu mwenyewe, sikumruhusu auguse, nikakatilia mbali majani yote isipokuwa mawili ya juu ili usipoteze nguvu. Kesho yake asubuhi nilipanda gari kwenda Butiama.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Nilianza kuhisi harufu nikiwa bado njiani kwake, harufu ya pamba inayoungua na rangi yake. Nilisimama mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mafiga, na mkononi alikuwa na mkasi wa kukatia nywele. Alikuwa akikata kaki vipande vya urefu wa mkono, anavikunja, anavitia motoni kimoja kimoja. Jora la mwisho lilikuwa miguuni pake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa mbali, itakukohoza."

"Mama, hiki ni kitambaa kizima."

"Naona ni kizima. Mimi siyo kipofu." Alitia kipande kingine. "Walipitaga jana kwa jirani. Kesho watapita hapa. Mimi nimezaa watoto sita, nimebaki na wawili. Sitafungiwa mtoto sababu ya kaptula."

Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni lililotiwa viraka mara nyingi hata sikuweza kujua kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi. Nilivuta kigoda, nikakaa upande wa pili wa moto, nikashika ncha nyingine ya jora ili likatike vizuri. Tulifanya kazi ile mpaka mchana. Ilichukua muda, kwa sababu kaki nzito haiwaki, inafuka. Tulipomaliza alichota majivu yote akayamwaga shambani kwenye mihogo, akanipikia ugali wa mtama na mlenda. Hatukulizungumzia tena siku hiyo.

Nilipomweleza mume wangu, alikaa kwenye kiti chake cha cherehani na hakushona mpaka jioni. Kwa miezi mingi baada ya hapo tuliongea mambo ya chumvi na maji tu. Alikuwa akiamka mapema, anashuka ziwani na ndoo, anaimwaga kwenye mti kabla mimi sijatoka nje. Sikumshukuru. Siku moja, ikiwa ni kiangazi na ziwa limerudi nyuma, nilimkuta ameinama kwenye mti akiyafuta majani vumbi kwa kitambaa kilicholowa, jani baada ya jani, na nikaanza kumsalimia vizuri.

Mti ulichukua karibu mwaka kuamua kama unaishi. Kisha ukapanda kwa haraka, majani yake mapana yenye mapengo yakaufunika ukuta wa bafu, watu wakawa wanapita kuyashangaa. Mwaka wa tatu ulitoa vitu virefu kama vidole vya manjano, vikaanguka vyote. Majirani walisema ni mti dume. Nilijua ni maua ya kiume, hutangulia, lakini kila kimoja kilipoanguka nilikiokota nikakichunguza.

Kufikia wakati huo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Sukari ilirudi madukani, na yule mwenye duka wa pembeni akarudi naye, amekonda, akafungua tena bila kumweleza mtu alikuwa wapi. Pale Mwigobero walianza kumwaga mitumba juu ya maturubai, mchana kweupe, suruali na magauni ya kutoka Ulaya, watu wakichagua kwa kelele. Mume wangu alikwenda kutazama mara moja. Alirudi na suruali moja ya kaki, akaigeuza ndani nje, akachunguza mishono yake kwa muda mrefu. "Wameshona vizuri," alisema. Sare zilipungua, yeye akageukia kupunguza na kurekebisha mitumba ya watu, na ndiyo kazi aliyoifanya mpaka macho yakamchoka.

Shelisheli la kwanza lililokomaa lilikuwa saizi ya kichwa cha mtoto. Nililichuma mwenyewe, nikalisimamisha kichwa chini utomvu uchuruzike, nikatuma salamu Butiama. Mama mkwe alikuja na basi la asubuhi. Nazi ilikuwa haipatikani Musoma, kwa hiyo nililipika kwa karanga, na kipande kingine nikakikaanga, pembeni nikaweka sangara. Nilimpelekea balozi sahani yake kwanza. Alikula amesimama mlangoni, akasema, "Kumbe kweli ni viazi," akaomba apewe chipukizi siku mzizi utakapotoa.

Mama mkwe alikula polepole, akitafuna kila tonge kama anayelikagua. Mume wangu aliacha kula akamtazama. Mimi pia.

"Ni kizuri," alisema mwishowe. "Ila kinataka chumvi. Na usiniwekee kidogo hivi, nimetoka mbali."

Nikamwongezea.